Bei ya sigara "ilimwachisha" baba yangu, mpaka daktari alipofungua daftari la kliniki

Wakuu, heshima kwenu. Hili nawaletea likiwa bado la moto, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Nilikuwa navuta sana tu. Pakiti ikapanda bei, lodge nazo zikapiga marufuku, ukitaka kuwasha unatolewa hadi nje ya geti kama mwizi. Nikachoka, nikaacha. Kweli kabisa.

Baba yangu yuko Mbulumbulu, analima ngano na maharage. Kifua kinamsumbua miaka sasa. Bei ilipopanda akaniambia, "Usiniletee tena sigara. Hela hiyo nunua mbolea."

Aisee, nilifurahi! Nikatamba kijiweni kwamba bei ikipanda hata wazee wanaacha. Mama naye akakataza moshi ndani ya nyumba. Nikajua tumemaliza.

Juzi mzee akabanwa pumzi. Nikamkimbiza hospitali.

Daktari akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nikasema ipo, mwaka jana ilimvimbisha uso, jina limeandikwa humu. Nikampa daftari lake la kliniki.

Akafunua. Akafunua tena. Akanitazama.

Wakuu, kurasa hakuna! Zote zilizoandikwa zimechanwa, zimebaki nyeupe tupu.

"Baba, kurasa ziko wapi?"

Akasogeza barakoa ya oksijeni. "Sigara zimepanda, mwanangu. Nanunua tumbaku ya majani mnadani, nasokota. Nimevuta zilizoandikwa tu. Hizo nyeupe nimemwachia daktari apate pa kuandika."

Nikamuuliza anavutia wapi mama asimwone. Kumbe alikuwa anavutia zizini!

Nikampigia mama, jina la dawa halikumbuki. Ikabidi daktari ampe dawa moja moja, amesimama pale pale anamwangalia uso. Nimewahi kukwama kwenye tope kule Ngorongoro, tembo yuko mbele yangu, lakini sikuogopa hivi.

Namshukuru Mungu, leo anapumua.

Bei na marufuku viliniachisha mimi kwa sababu nilikuwa mtu wa dukani na lodge. Mzee ana mnada na zizi lake. Na mimi mjinga nilihesabu pakiti, baba mwenyewe sikumwangalia.

Kama una mzee aliyeacha ghafla, mnuse koti kwanza, halafu njoo hapa chini useme ulichonusa.

Daftari jipya nakaa nalo mimi. Asubuhi hii kaniomba alishike kidogo, eti anataka kusoma.