Kafi Lisiloguswa na Maji

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya Mto Kilombero, na Kelestini anasukuma mtumbwi wake kutoka kivuko cha Ifakara. Ndani mna mifuko sita ya mpunga, chumvi iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na makafi mawili. Moja la kupigia maji. La pili limeviringishwa kitambaa, na ole wake atakayelilowesha!

"Hilo usiliguse, bwana," humwonya kila anayelikaribia. "Lina kazi yake."

Watu wa kivukoni hawaishi kuulizana. Wengine wanasema ni dawa iliyobaki ya vita. Kelestini huwacheka tu.

Shule ya mapadri imefungwa tangu ndui iingie bondeni, juu ya njaa iliyoachwa na vita vya Maji Maji, maghala yalipochomwa. Vijana ishirini na watatu waliokuwa wakisomea ualimu wamerudishwa makwao. Ili njaa isiwatoe masomoni, kila mwezi hupelekewa pishi nne za mpunga kila mmoja.

Kwa nini Kelestini? Mtazame uso. Ndui ilimpata utotoni, nayo haimpati mtu mara mbili.

"Makovu haya yalininyima mchumba," anasema, "leo yananipa rupia mbili kwa mwezi. Kodi ya nyumba ya serikali ni tatu kwa mwaka. Haya, nicheke au nilie?"

Lipo sharti: mwanafunzi mwenyewe aje mtoni, asome kwa sauti neno ambalo shule imemwandikia kwenye kibao anacholetewa. Akikosa mara tatu, jina linafutwa. Na cha ajabu, msimamizi wa sharti hilo hajui kusoma! Kelestini huyakariri maneno yote kabla ya safari.

Huko Malinyi, Pantaleo alikosa mara mbili, hajiwezi kitandani. Mara ya tatu alikuja ameshikwa mkono na mama yake, Kandida. Ndui ilikuwa imempofusha.

Alikipapasa kibao, lakini maandishi yale hayakupapasika.

"Ningesema kasoma, nani angejua?" Kelestini anakumbuka. "Roho ilikataa. Mimi si mwongo, na yule si ombaomba."

Kandida aliangua kilio. "Kaka yangu, baba yake kafia vitani. Mkimfuta na huyu, atabaki na nini?"

Pantaleo akachuchumaa, akalainisha mchanga kwa kiganja, akaandika kwa kidole.

Kelestini aliitazama ile michoro asiyoweza kuisoma. Mchanga ataubebaje? Akaomba kipande cha mkaa, akachukua kafi lake la akiba, akanakili mkunjo kwa mkunjo. Siku mbili akapiga maji huku akililinda lisipate hata tone.

Shuleni, Mwalimu Hermenegildi, mshika daftari la majina, aliligeuza kafi kwenye mwanga, akasoma: "Pantaleo. Macho yamekwenda, herufi zipo. Msinifute."

Akalisoma tena. Kisha akaiweka kalamu chini, na jina likabaki.

Tangu hapo, kila akifika Malinyi, Kelestini hukaa mchangani kidogo kabla ya kugeuza mtumbwi. Pantaleo huandika, yeye hufuatisha kwa kidole. Ameshajua herufi saba, zote za jina la Pantaleo, mwalimu wake.

"Shule ikifunguliwa, nitamrudisha kwa mtumbwi huu huu," anasema akilikaza kitambaa. "Na kafi hili nitalisoma mwenyewe mbele ya daftari lao. Jina lake nalijua tayari. Nimebakiza maneno mengine, hadi lile la mwisho: Msinifute."