Makomeo Matatu Kwenye Beseni Moja

Musleh, fundi bunduki wa mji wa Amran, alikuwa na miaka thelathini ya kazi na maringo ya miaka hamsini. Shavu moja limejaa mirungi, jingine linamsema mteja. Bunduki kuukuu za jeshi alizitia mtutu mpya, akazifuta namba kwa tupa, akagonga nukta zake, idadi ileile kwenye mtutu na kwenye komeo, kile chuma kinachoifungia risasi ndani.

Alhamisi asubuhi Mzee Hizam akamletea bunduki ya marehemu mwanawe, Jubran.

"Mjukuu anaoa leo. Nataka ipigwe hewani, na baba yake awe kama amehudhuria."

"Imelala miaka tisa hii, mzee. Tuiamshe kwa chai?"

"Pima, punguza mdomo."

Kipimo chake ni risasi bandia ya chuma, imezidi urefu kidogo tu. Bunduki ikiwa salama, komeo hugoma kufunga. Hili lilifunga. Akalifuta, akarudia. Likafunga tena, laini kabisa. Risasi ina nafasi ya kurudi nyuma hapo. Ganda likipasuka, moto unamrukia mpigaji usoni. Jubran alipoteza jicho hivyohivyo kwa bunduki hii, harusini kwa binamu yake.

Musleh akalichomoa komeo. Nukta mbili. Kwenye mtutu, nukta tatu.

Mirungi ikamkauka mdomoni. Akaikumbuka wiki aliyoitengeneza: bunduki tatu, ameshazipima, makomeo yote kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Wateja wamejaa, naye anajigamba: "Mimi narudisha kwa kupapasa tu!" Akarudisha. Hakupima tena.

Angeweza kusema kutu. Hizam angeamini.

"Mzee, komeo si lake. Nilichanganya mimi. Jicho la Jubran ni mkono wangu."

Hizam akazihesabu nukta kwa kidole. Huko nje ngoma za harusi zikaanza kusikika.

"Mwanangu alisema alitia risasi mbovu. Nikitaka kuja kukuuliza, ananizuia. 'Baba, Musleh hakosei.' Mpaka anakufa."

Akaichukua bunduki bila komeo. Mlangoni akageuka. "Na komeo lake halisi liko kwa nani?"

Musleh hakukumbuka zile bunduki mbili nyingine zilikuwa za nani.

Akafunga duka, akaenda harusini na kipimo mfukoni, akimwomba kila mwenye bunduki kuukuu ampe apime kwanza.

"Jamani, fundi kakosa wateja, kaja kuwatafuta harusini!"

"Kaa, Musleh, ule nyama!"

Wageni wakacheka, wakainua mitutu bila kumpa hata mmoja. Musleh akasimama katikati yao, na kila mlio ulipopita alisubiri kusikia nani atapiga yowe la maumivu.