Mifupa Miwili ya Cibalonza

Saa moja asubuhi, soko la Kadutu. Citoyenne Cibalonza anaukataa mfupa wa tatu.

"Huyu ng'ombe alikuwa muzee. Ndani ni mafuta tu. Nataka ya ndama, yenye iko nyekundu."

"Eh, maman! Supu yako inajua miaka ya ng'ombe?" anacheka Donatien, muuza nyama, huku akishika msumeno.

Supu gani! Mfupa wa ndama anaoupata, pamoja na pingili moja ya uti wa mgongo, unakwenda hospitalini. Cibalonza, miaka arobaini na mmoja, anasoma damu kwa darubini katika maabara moja hapa Bukavu. Jina la ubatizo, Virginie, siku hizi analisikia kwa dada yake tu, tena chumbani, kwa kuwa serikali imekataza majina ya Kizungu na kila mwanamke sasa ni Citoyenne, yaani raia; sokoni na vijijini bado yanatumika.

Damu ikishindwa kusema ugonjwa, daktari huchoma mfupa wa nyonga kwa sindano na kuvuta tone la uboho. Humo mifupani ndimo damu inamopikwa: chembe nyekundu za kutupa nguvu, nyeupe za kupigana na magonjwa, na zile ndogo mno zinazoizuia damu isimwagike ovyo.

Kuvuta tone si kazi kubwa. Kazi ni neno. Kwa Kifaransa uboho unaitwa moelle. Kamba ya mgongoni, ile ikikatika miguu inakufa, nayo inaitwa moelle. Daktari akitamka hivyo, mzazi anamwona mtoto wake kilema. Mwaka jana wazazi kumi na wanne waliombwa ruhusa, na tisa walikataa.

"Nilibakasirikia sana," ananiambia Cibalonza tukielekea hospitalini. "Kisha nikaona batu habana kosa. Ile neno njo iko na kosa."

Leo wodini anamkuta mama mmoja wa Nyangezi akifunga mizigo. Lori linaondoka saa sita. Binti yake, Colombe, ana miaka minane. Midomo imepauka na fizi zinatoka damu. Bila kipimo, daktari atabahatisha dawa, na mtoto huyu hana damu ya kubahatishia.

"Shemeji yangu jiwe ilimuangukia kule Mwenga, mu shimo ya zahabu," anasema mama huyo. "Baganga ba hospitali walisema moelle. Tangu siku ile hasimame. Mutoto wangu hamutamugusa."

Cibalonza habishani. Anafunua beseni lenye mifupa ya sokoni.

"Gusa, maman." Katikati ya pingili kuna kamba nyeupe, laini. "Hii njo moelle ya shemeji." Kisha anamwekea mkononi mfupa wa ndama uliopasuliwa, mwekundu ndani. "Na hii njo yenye tunatafuta. Inapika damu."

Anaushika mkono wa mama na kuuweka kwenye nyonga ya Colombe, mbele, mahali pa mkanda. "Sindano itaingia hapa. Mugongo iko wapi? Nionyeshe weye mwenyewe."

Mama anapapasa hadi nyuma. Ni mbali. Anarudia tena, polepole.

"Na akishindwa kutembea?"

"Nitamubeba mimi mpaka Nyangezi. Na nitabakia kule."

Mama anaufungua mzigo mmoja. Kisha: "Mufanye."

Colombe analia mara moja tu. Lori linaondoka bila wao. Saa nane Colombe anashuka kitandani, anatafuta kandambili zake na kwenda mwenyewe mpaka mlangoni. Mama anaitazama ile miguu, anaketi sakafuni na kulia kwa sauti.

Umeme hakuna, lakini Cibalonza anageuzia kioo cha darubini dirishani. Anakaa muda mrefu, jicho halibanduki. Chembe zipo tele, ila kubwa kupita kiasi na hazijaiva. Daktari anathibitisha: uboho wenyewe ni mzima, umekosa vitamini tu. Vidonge vipo.

"Jiko iko, moto iko," Cibalonza anamweleza mama. "Chumvi tu njo ilikosa."

Sasa anapanga kuzunguka parokia, kutoka Nyangezi hadi Minova, na beseni lake. Tena anataka karatasi ya ruhusa iandikwe upya, bila moelle. "Tuandike jiko ya damu. Nani atakimbia jiko?"

Kabla hatujaagana, mama Colombe anaomba mfupa. Cibalonza anamnyooshea ule mwekundu.

"Hapana, maman. Ile ya mugongo. Shemeji yangu miaka sita analala, na hakuna mutu alimuonyesha chenye kilivunjika."

Cibalonza anaifunga pingili kwenye kitambaa safi na kumkabidhi. Kesho alfajiri atarudi kwa Donatien.