Ndoano Zetu Wakati wa Uasi

Mama mkwe wangu alifunga ndoano kwa namna moja tu: manyoya meupe ya shingo ya jogoo, uzi mwekundu, na kifundo alichofundishwa na baba yake. Mume wangu alizishusha ziwani kwenye mshipi mrefu, akawa anauvutavuta, na mukebuka, yule samaki mrefu mwenye tamaa, akadhani ni ndagala, dagaa wa ziwa letu, anayekimbia. Mimi niliolewa Uvira mwaka uliofuata uhuru, nikitoka kwenye mashamba ya mpunga ya Sange. Ndoano sikuwa nimewahi kuishika.

Mama mkwe alinifundisha tukiwa tumeketi mlangoni. Vidole vyangu havikutulia. Nikiona unyoya wa kanga unapendeza, niliuongeza. Yeye alichukua wembe, akakata yote, akanirudishia ndoano tupu.

"Weye binti ya mupunga," aliniambia, "samaki ya huku inajua manyoya nyeupe. Usiifundishe ingine."

Nilianza upya na manyoya meupe. Nyumba ilikuwa yake.

Kisha waasi wakaingia mjini. Barabara ya Bukavu ikafungwa, maduka yakavunjwa, na uzi mwekundu ukawa kitu cha kuulizia bila kupata. Kuku walikamatwa uani kwetu mchana kweupe, na jogoo mweupe alikuwa wa kwanza. Tuliishi tumesimama. Likisikika lori, mume wangu alitoka, likipita, alirudi, kabla hajakaa, alitoka tena. Vitu vyetu vilikuwa vimefungwa ndani ya kitenge karibu na mlango, nami kila asubuhi nilikifungua kutafuta chumvi, halafu nikakifunga upya.

Kwa bahati mbaya, ndio msimu ambao mukebuka walikuwa wengi. Tuliwaona wakirukaruka karibu na ufuko, na ndoano zetu zilikuwa zimebaki chuma kitupu. Mama mkwe alisema tungoje kuku wengine. Tungoje hadi lini? Mimi kungoja kulikuwa kunanila.

Siku moja mpiganaji alitupa pakiti ya sigara mbele ya nyumba. Nikaiokota, nikatoa ile karatasi yake inayong'aa, nikaikata vipande vyembamba. Mama mmoja wa wafugaji, aliyeshuka kutoka milimani na maziwa, alinipa nywele za mkia wa ng'ombe. Nikavichanganya, nikavizungushia uzi niliochomoa kwenye pindo la kitenge changu.

Mama mkwe aliishika ndoano kwa ncha za vidole.

"Iyi iko ndoano ao iko hirizi?"

"Mama, ndagala anang'aa," nilimjibu. "Manyoya hayang'ai."

"Baba yangu alivua mbele weye hujazaliwa."

Mume wangu hakutaka kuamua kati yetu. Aliichukua, akaenda. Alirudi bila kitu, na ndoano ikiwa imevuliwa nguo zote. "Samaki iliikamata," alisema. "Iliikamata vizuri, ila vyote vikabaki mu kinywa chake." Nikafunga nyingine, nikaikaza hadi uzi ukanikata kidole. Nayo ikafumuka. Nikafunga nyingine, nikaifumua mwenyewe, nikaanza tena. Sikupika. Mama mkwe alinitazama akiwa ameketi kwenye kibao chake, akitikisa mguu.

Mwishowe alininyang'anya.

"Leta hapa! Unazungusha kama mutu anafunga muzigo ya kuni."

Akalaza nywele na karatasi juu ya chuma, akazungusha uzi kuelekea kwenye jicho la ndoano, akaupitisha chini ya mizunguko yake mwenyewe, akauvuta kwa meno. Sikuwa nimewahi kukitazama kile kifundo kwa makini. Siku zote macho yangu yalikuwa kwenye manyoya.

"Kifundo iko ya baba," alisema. "Ile takataka ingine, minye siijue."

Kesho yake asubuhi mume wangu alileta mukebuka hadi wakajaa beseni. Tulikula wa moto, mimi na yeye tukiwa wima, sikio likiwa barabarani. Mama mkwe alikula wake, akamaliza, akaomba na kichwa.

Haikupita muda bunduki zikaanza kulia upande wa Sange. Tulivuka ziwa kwa mtumbwi hadi ng'ambo, Burundi, na kile kitenge chetu. Huko wake wa wavuvi waliziona ndoano zetu, wakaja kuniomba niwafundishe. Niliwafundisha kwa nywele za mbuzi, kesho yake kwa nyuzi za gunia, kwa sababu ndoano ya jana tayari ilikuwa imenichosha. Wakalalamika kwa mama mkwe.

"Kifundo muniulize minye," aliwaambia. "Ile ingine, ata yeye mwenyewe hajue leo atatia nini."

Vita vilipopoa tulirudi Uvira. Tulikuta nyumba haina paa. Mimi na mama mkwe tulikuwa bado tunatafuta majani ya kuezekea, na mume wangu alikuwa ameshaingia ziwani kuvua kwa ndoano zetu.