Mpima Watoto wa Pembea ya Kulesa

Asubuhi ya Idi mosi, watu wa Kulesa wakiwa bado wanapeana mikono na kuombana radhi, Dhadho Komora yuko juu ya nguzo. Miguu ameikunja kwenye mti kama kima, na kwa mkono wa kulia anapaka mafuta ya kondoo gogo lililolazwa juu. Gogo hilo ndilo litakalozunguka kutwa nzima. Lisipopakwa hulia kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa, na watoto huogopa kabla hawajapanda.

"Mafuta haya mke wangu aliyataka kwa wali," anasema kutoka huko juu. "Nimemwambia, mwaka huu wali utakauka, pembea haitakauka."

Chini yake Arafa, mkewe, anafunga kamba za viti. Hainui hata macho.

"Basi na chakula chako tutakurushia huko huko."

Pembea yenyewe ni nguzo mbili ndefu kuliko nyumba yoyote ya hapa kijijini. Katikati yake limelazwa gogo lenye mikono ya miti, na kwenye mikono hiyo vinaning'inia viti vinne vya mbao. Wanaume wawili wakisukuma, kiti cha chini kinapanda juu na cha juu kinashuka, na tumbo la aliyekalia hubaki nyuma likimtafuta mwenyewe.

Kazi ya Dhadho ya kila siku ni kuchonga mitumbwi. Pembea hii ni ya siku za Idi tu. Aliona ya namna hii Kipini, huko pwani, alipopeleka mtumbwi wa kuuza, akaipanda, mtu mzima na ndevu zake.

"Nilipiga kelele mpaka mwadhini akachungulia," anasema, akicheka mwenyewe. "Nikashuka. Nikarudi tena kwenye foleni."

Lakini si kicheko kilichoijenga. Mwaka ule wa sotoka, ng'ombe walipokufa uwandani na mto ukakataa kufurika mashambani, njaa iliingia Kulesa na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Arafa alijifungua katikati ya njaa hiyo. Mtoto alikuwa mdogo, mwepesi kama kibuyu kitupu, na majirani waliacha hata kuuliza jina lake.

"Niliweka nadhiri," Dhadho anasema. "Nilisema, Mola wangu, huyu akinichekea siku moja, nitatengeneza kitu watoto wa kijiji kizima wacheke."

Mtoto akaishi. Anaitwa Mwanasha, ana miaka sita hivi, na ulimi wake, kwa ushahidi wa baba yake, ulikomaa kabla ya meno.

Malipo ya kupanda ni chochote mtu alicho nacho: kibaba cha mpunga, kichane cha ndizi, maziwa kidogo. Idi iliyopita Dhadho alipata pishi tatu za mpunga na kuku mmoja. Arafa anaomba iandikwe kwamba kuku huyo alikuwa mgonjwa.

Wazee walimruhusu kwa sharti moja. Siku mtoto atakapoanguka, pembea itakatwa kuni jioni hiyo hiyo. Dhadho hakubisha. Anasema hata wao wasingesema, shoka lingekuwa la kwake. Ndiyo maana katika kazi hii yote, kusukuma si kitu na kupaka mafuta si kitu. Kazi ni kumtazama mtoto mdogo, aliyeshikwa mkono na baba anayemsifia, na kuamua: huyu yuko tayari, au bado?

Kwa jambo hilo ana mtihani wake.

Mtoni, pale penye maji ya magotini palipozungushiwa ua wa miti kuwazuia mamba, amefunga mtumbwi mdogo. Mtoto anakalishwa ndani. Dhadho anashika kichwa cha mtumbwi na kuutikisa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Anayesimama amefeli. Anayelia amefeli. Anayekamata ukingo wa mtumbwi naye amefeli. Anayekaa wima, ametulia, mikono mapajani, huyo apande.

Kila mama wa Kipokomo anajua kwa nini. Mkono ukingoni huulaza mtumbwi ubavu, na kidole kinachoning'inia nje ni kitoweo cha mamba. Mtoto wa hapa hufundishwa kukaa mtumbwini kabla ya kufundishwa kusema shikamoo.

Jua linapoanza kuuma, Adano anawasili, mfugaji wa Kiorma aliyeleta ng'ombe wake mtoni kwa kiangazi hiki. Yeye na Dhadho ni marafiki wa kurithi. Baba zao walibadilishana maziwa kwa mpunga, na wao wanaendelea. Kiswahili chao wote wawili ni cha kuokota njiani, kila mmoja na alichookota, na wanaelewana vizuri kuliko ndugu wengi wa tumbo moja.

Ameshika mkono wa binti yake, Gumato, wa umri wa Mwanasha. Gumato ameinua uso kuitazama pembea, na mdomo umesahau kujifunga.

"Dhadho! Nimekuletea abiria," Adano anaita. "Mweke kile kiti cha juu kabisa."

"Vyote ni vya juu, ndugu yangu, na vyote ni vya chini. Mpeleke kwanza mtumbwini."

Gumato anakalishwa. Mtumbwi unatikiswa mara moja tu, na mikono yote miwili inaruka na kukamata ukingo, kushoto na kulia, kama mjusi ukutani. Dhadho anatikisa tena. Vidole havibanduki.

"Bado," Dhadho anasema.

"Bado nini?"

"Hajawa tayari. Mlete mwakani."

Uso wa Adano unabadilika. "Mwakani? Mvua ikidondoka tunahama. Idi ijayo Mungu ndiye anayejua tutakuwa wapi. Mtoto huyu njaa ya sotoka haikumshinda, Dhadho. Wewe unamshinda kwa mtumbwi?"

"Usinitazame hivyo. Akianguka, nitamwokota mimi na kukuletea mikononi. Ungependa tubaki marafiki baada ya hapo?"

Adano anamtoa binti yake mtumbwini na kusimama naye pembeni. Gumato bado anatazama juu.

Zamu ya Mwanasha inafika. Mwaka jana na mwaka juzi aliambiwa bado, naye alilia Idi nzima, zote mbili. Leo amekaa mtumbwini mgongo wima, mikono mapajani, ametulia kama bibi arusi anayetazamwa na mawifi. Baba yake anatikisa mpaka maji yanaingia. Mtoto hata hapepesi macho.

"Apande," Dhadho anasema, na sauti yake haifichi fahari. Anamtupia Adano jicho kidogo. Hakupaswa, na sasa anakiri hivyo, lakini alimtupia.

Mwanasha anakaa peke yake kwenye kiti, anashika kamba. Wanaume wanasukuma. Kiti kinapanda, kinapita vichwa vya watu, kinapita mapaa ya nyumba. Kinapofika juu kabisa wanasimamisha ili kiti cha chini kipakiwe. Hapo upepo unakuja kutoka uwandani, na kiti kinayumba.

Arafa anaona kiti kikiyumba na mwanawe ndani yake. Mdomo unatangulia akili.

"Mwanasha! Tulia! Mikono mapajani!"

Na Mwanasha, mtoto aliyefunzwa akafunzika, anaachia kamba zote mbili na kuweka mikono mapajani.

Mtoto amekaa wima juu ya vichwa vya watu wote, ametulia, hajashika kitu, na kiti kinayumba mbele, kinayumba nyuma. Waliosukuma wameganda. Wakivuta haraka, atamwagika. Wakiacha, upepo utamaliza.

Dhadho anatembea mpaka kwa mkewe, anamshika mabega, anasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Anakusikiliza wewe tu. Mwambie ashike. Taratibu."

Sauti inayomtoka Arafa ni ile ya kumwamsha mtoto asubuhi. "Mwanasha. Shika kamba, mama. Shika zote mbili."

Huko juu mkono mmoja unasogea. Kisha wa pili.

Wanamteremsha kwa upole, kama unavyoteremsha mtungi uliojaa. Akifika chini, Mwanasha anamtazama mama yake kwa hasira. "Mara mapajani, mara kamba! Niwasikilize nani?"

Arafa amekaa mchangani. "Ni mimi," anarudia. "Ni mdomo wangu huu."

"Mtoni mdomo huo umemwokoa mara ngapi?" Dhadho anamwambia. "Kosa ni langu. Mtihani wangu ni mzuri sana, mke wangu, ila ni wa chombo kingine." Kisha anageuka upande, anasema alhamdulillahi mara nyingi, na anakaa naye mchangani.

Ndipo anapomkumbuka yule aliyeng'ang'ania ukingo. Adano hajaondoka. Wakati kiti kilipoyumba alikuwa amejisogeza chini yake, mikono imetandazwa, tayari kumdaka mtoto wa mwenzake.

"Mlete Gumato," Dhadho anasema.

"Si ulisema bado?"

"Nilisema. Sasa nasema mlete."

Safari hii hakuna mtumbwi. Gumato anakalishwa kwenye kiti chenyewe, karibu na ardhi, na Dhadho anakitikisa kwa mikono yake, mbele, nyuma, ubavuni. Mtoto amekamata kamba. Kumtoa ungehitaji msumeno.

"Nani alikufundisha?"

Anayejibu ni baba. "Punda. Tukihama, watoto wanakaa juu ya mizigo, juu ya mikeka na miti ya nyumba. Anayeachia anabaki njiani. Kwetu mtoto anafundishwa kushika."

"Na kwetu anafundishwa kuachia," Dhadho anasema, akitikisa kichwa. "Mto mmoja huu huu."

Arafa amesimama sasa, anakung'uta mchanga. Anachuchumaa mbele ya mtoto. "Wewe mwenyewe, mama, unataka? Tangu asubuhi wanaume wanasema tu. Hujaulizwa."

Gumato anafikiri. "Nataka. Na aba."

Watu wote wanamgeukia baba.

"Mimi nina ng'ombe wa kuangalia," Adano anasema upesi.

"Wana mchungaji," Dhadho anasema.

"Kiti hakitanichukua."

"Kimemchukua shemeji yangu, aliyekula daku za mwezi mzima bila kufunga. Wewe si ndiye uliyemfukuza simba kwa fimbo?"

"Simba alikuwa chini!" Adano anapaza sauti. "Hapa hapa, duniani!"

Kicheko kinachopasuka hapo kinasikika hadi ng'ambo ya mto. Lakini binti ananyoosha mkono, na baba hana pa kujificha. Anakaa, anamkumbatia mtoto, anafumba macho kabla kiti hakijaondoka ardhini.

Wanazunguka mara moja, na Adano anasoma kila dua aijuayo na nyingine anazozitunga. Mara ya pili wanasimamishwa juu. Gumato anamgusa shavu.

"Aba, fungua. Ng'ombe wetu."

Adano anafungua jicho moja, kisha la pili. Anabaki juu pale akitazama uwandani, muda mrefu kuliko zamu ya mtu yeyote, na hakuna anayemharakisha.

Akishuka, anashika nguzo kwanza. Mwaka wa sotoka, kundi lililokuwa likijaza uwanda lilibaki mitamba wanne. Tangu hapo amewaongeza kidogo kidogo, kwa kuzaliana na kwa kubadilishana, lakini akisimama katikati yao huwa anaona mapengo.

"Huku chini nawaona waliokufa," anamwambia Dhadho. "Nikitembea, huyu hayupo, yule hayupo. Juu nimewaona walio hai, wote pamoja. Ni kundi, Dhadho. Mimi nina kundi na sikujua."

Dhadho anamshika mkono bila kusema. Ni mara chache anakosa la kusema, na Arafa anaomba hilo nalo liandikwe.

Mtumbwi wa mtihani umefunguliwa ukapelekwa kazini kuvusha watu. Dhadho ana mpango wa kuweka ufito mbele ya kila kiti, umzuie mtoto hata akiachia, na kuanzia sasa kila mtoto atapimwa kwenye kiti chenyewe na kuulizwa mwenyewe. Anatumaini mvua itakuja vizuri, kwa shamba na kwa malisho, na kwamba Adano atapitia Kulesa Idi ijayo. "Aje na mtihani mwingine wa kwao," anasema. "Wa kwetu umeisha."

Jua limeinama, na viti vinapanda na kushuka. Mwanasha amemshika Gumato mkono, wamesimama mbele ya Dhadho pamoja. Anataka kurudi juu. Anasema safari hii atashika, na mwenzake atamwonyesha.

Dhadho anawakalisha wote wawili, anatikisa kiti. Mikono minne kwenye kamba. Anatikisa tena, zaidi ya alivyomtikisa mtoto yeyote leo. Mikono minne. Kisha anamtazama mkewe, kwa sababu hili hawezi kuliamua peke yake.

Arafa anachukua pindo la leso yake, analikunja, analiweka kati ya meno na kuling'ata kwa nguvu. Halafu, macho yamejaa, anaitikia kwa kichwa.

"Sukumeni," Dhadho anasema.