Mkoba wa Baba

Juzi, Tabata, nilimkuta fundi viatu akipaka mkoba wa ngozi mafuta ya nazi, harufu ikanirudisha kwetu Kiwalani. Baba alikuwa akiupaka wake kila alipotaka kusafiri, ila alipoondoka mara ya mwisho hakuuchukua. Mchana mmoja, mimi bado mtoto, nikamkuta mama ndiye anausugua. Sikutulia tena. Nilimfuata jikoni, uani, hadi mlango wa choo. Kila ndege ya abiria ilipopita juu ya bati letu, nilishtuka.

"Mama, na wewe unaenda wapi?"

"Mie? Siendi popote. Ngozi ikikauka inapasuka."

Sikumwamini. Nikaulalia ule mkoba mpaka magharibi.

Kumbe hakuwa akijiandaa kuondoka, alikuwa akimsubiri baba. Mpaka leo anaupaka. Ngozi imekuwa nyeusi, laini kama sikio la mtoto, na mwenyewe hajarudi.