Kasoro Kwanza: Safari ya Malambo na Taa za DNA

Nilitoka Karatu kwa sababu ya uvimbe usio wangu. Yeyo Nasieku, yaani Mama Nasieku kwa Kimaasai, wa kijiji cha Malambo ng'ambo ya kreta, anayeniuzia mbuzi tangu duka langu likiwa meza ya barabarani, alikuwa na uvimbe kwenye titi na hataki kusikia habari za hospitali. Mpwa wangu Rehema, mtafiti wa maabara moja Arusha, alikuwa anatafuta wanawake wenye uvimbe kama huo wajitolee kutoa seli chache. Nikaona mzigo na gari vimekutana.

Alfajiri, Karatu. Nilihesabu mablanketi ya kuuza njiani mara mbili. Nikamhesabu na Rehema: mmoja, mara zote mbili.

Ukingo wa kreta. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na watalii walikuwa wanaupiga picha huo huo ukungu. Nikamuuliza Rehema tunakwenda kuuza nini hasa.

"Mjomba, ndani ya seli kuna vipande vifupi vinaitwa mikro-RNA. Saratani ikianza, vingine huzidi. Sisi tunakunja nyuzi za DNA, ndogo sana, tunaziingiza kwenye seli ikiwa bado hai. Zikikutana na kipande kinachooana nazo, zinafunguka na kuwaka."

"Kama tochi?"

"Tochi inayowaka ikimwona mwizi tu."

Maneno hayo nikayatia mfukoni. Yalikuwa na soko.

Mchana, Malambo. "Takwenya, yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia.

Nikamwaga bidhaa yote: kipimo hakikosei, hakiumi, ni tochi ya kumnasa mwizi. Yeyo akanisikiliza hadi mwisho.

"Shabani, mnadani anayemsifia ng'ombe mpaka mkia, kuna kidonda anachokificha. Kidonda kiko wapi?"

Nikaanza upya na tochi yangu. Akaanza kuinuka, na mimi nikaona uvimbe unabaki Malambo.

"Kidonda hiki hapa, yeyo," Rehema akasema. "Huu bado ni utafiti. Taa inaweza kuwaka bure, inaweza kukataa kuwaka. Haitakutibu. Kitakachoamua ni kipimo cha kawaida cha hospitali. Na sindano inauma."

Yeyo akakaa tena. "Inauma kiasi gani?"

"Kama mwiba wa mgunga."

"Mwiba naujua. Kesho tunaondoka." Akanigeukia. "Huyu ndiye anayejua kuuza."

Kurudi, Karatu. Hospitali ilichukua seli zake, na Rehema akazikimbiza chache maabara Arusha zikiwa bado hai. Majibu ya hospitali yalikuja: saratani, lakini imewahiwa. Rehema naye akanitumia picha: seli za Yeyo zina nukta za kijani zinazowaka. Nilizihesabu mara mbili, nikapotea mara mbili.

Nikampigia. "Kwa hiyo taa imesema kweli?"

"Kwa mtu mmoja. Mmoja si ushahidi, mjomba."

Upasuaji ulikwisha salama. Juzi Yeyo alikuja dukani na dada yake, ambaye naye anataka kupimwa. Yeyo akachagua blanketi. Kabla hajaligusa, nikamwonyesha uzi uliochomoka pembeni.

"Umejifunza," akasema. "Sasa punguza bei."